Nafasi kwenye Mkeka wa Kanga

Nungunungu alizoea kula peke yake, maana kila alipoketi na wenzake, mtu alichomwa. Kanga alipomwalika kwenye karamu ya vifaranga wake, alikwenda kwa hofu, miiba imemsimama, akapiga hodi kwa sauti ya kuomba asisikike.

"Karibu! Tumekungoja hata wali unataka kupoa!" Kanga akaitikia.

Nungunungu akachungulia. Wageni walikuwa wamebanana upande mmoja wa mkeka, na upande wa pili mtupu. Akageuka aondoke. "Hata sijakaa, mmeshanikimbia!"

"Nani kakukimbia, ndugu yangu?" Kanga akacheka. "Tumejibana tangu asubuhi ili upate pa kuketi na miiba yako. Mungu aliyekupa hiyo miiba ndiye aliyetupa mkeka mpana. Hebu keti, sinia halifunuliwi bila wewe."

Nungunungu akaketi. Furaha ikamjaa, na miiba yake yote ikalala. Mara nafasi ikazidi, wageni wakajinyoosha.

Kobe, jirani wa Kanga, aliyekuwa amekaliwa na Ngiri muda wote huo, akatoa kichwa na kuvuta pumzi. "Kweli," akasema, "mgeni njoo, mwenyeji apone."