Waya wa Kitanda cha Tatu

Kioo cha kompyuta ya wodi ya watoto njiti kilipogeuka chekundu, moyo ulimlipuka muuguzi, paa! Programu ya zamani ingesema "Kosa 5" tu, kisha inune kama mkwe aliyeudhiwa. Hii mpya iliandika:

"Nimeshindwa kusoma joto la kitanda cha tatu kwa sababu kipimo chake hakionekani. Huenda waya umechomoka. Kagua nyuma ya kitanda, chini kulia. Lakini kwanza mguse mtoto kifuani."

Alimgusa. Kifua kilikuwa na upana wa vidole vyake vitatu, na kilikuwa na joto.

Ndipo alipoinama. Waya ulikuwa unaning'inia, umelowa maji ya deki. Akaufuta kwa sketi yake, akauchomeka. Kioo kikarudi kijani.

"Sista, umejuaje ni waya?" mama wa mtoto, aliyesimama kando ya kitanda, aliuliza.

"Nimeambiwa na aliyeandika programu hii. Simjui hata kwa sura, ila siku ile anaandika, ni kama aliniona mimi hapa, nimechanganyikiwa."

"Na mwanangu je?"

"Huyo alimwona hata kabla yangu, ndiyo maana akaandika nimguse kwanza," muuguzi alisema, akamshika mama mkono, akauweka taratibu kifuani pa mtoto.