Kupunguza Joho

Ujumbe wa mchungaji ulikuwa mfupi: "Fundi, njoo leo. Usisahau tepu ya kupimia."

Tepu ya nini, wakati joho la mchungaji alilishona yeye mwenyewe na vipimo vyake anavyo kichwani? Fundi hakudanganyika. Hicho kilikuwa kisingizio. Kuna mtu alimwona akiingia lile kanisa la nyuma ya soko, Jumapili tatu mfululizo, na umbea umeshafika kunakohusika.

Alipanda ngazi za ofisi polepole. Kufukuzwa kanisani hakukumtisha. Moyoni alishaondoka tangu mazishi ya dada yake, pale mchungaji aliposimama mbele ya jeneza akasema Mungu aliwachagua wateule wake kabla ya kuumba ulimwengu, na kama marehemu alikuwa mmoja wao, hakuna ajuaye. Kilichomtisha ni sentensi moja ya mafundisho hayo ya mwanatheolojia Kalvini, aliyoikariri tangu akisoma shule ya Jumapili na watoto wenzake: anayetoka hakuwamo tangu mwanzo. Siku hizi kila akipiga magoti, sentensi hiyo inamtangulia kabla hajasema "Baba yetu", na sala inamkaukia mdomoni. Alichoogopa ni kuisikia leo kwa sauti ya mchungaji mwenyewe.

Mchungaji alimfungulia, akachungulia ukumbini kushoto na kulia, kisha akafunga mlango kwa ufunguo.

Ofisi ilikuwa shaghalabaghala. Vitabu vimo ndani ya maboksi yaliyofungwa kamba, na ukutani imebaki misumari mitupu. Watakuwa wanapaka rangi, alijiambia. Joho jeusi lilikuwa limetandazwa mezani.

"Lipunguze," mchungaji alisema.

"Kiasi gani?"

"Kiganja na nusu kwa urefu. Na mabega nayo."

Mtu mwenyewe mrefu kama mlingoti! Lingemwishia kwenye miundi kama sare ya shule ya mwaka juzi. Siku nyingine Fundi angemtania, maana walikuwa wakitaniana. Leo aliinama tu, akakunja pindo na kuanza kuchomeka pini. Ya kwanza ikamponyoka. Ya pili ikamdunga kidole.

"Unatetemeka," mchungaji akasema.

Hapo uvumilivu ukamwishia. Akasema yote bila kuulizwa: kanisa la nyuma ya soko, benchi la nyuma kabisa anakokaa peke yake, mhubiri wa kule anayesema hakuna aliyeachwa nje. Akasema jinsi anavyotoka pale amelia mpaka kichwa kinamuuma, na bado akifika nyumbani haamini kama kuna anayemsikiliza.

"Kwa hiyo sema tu, Mchungaji. Niambie sikuwamo. Nilisikie neno hilo, liishe."

Mchungaji alikwenda dirishani, akampa mgongo. Mikono yake aliifumbata nyuma kwa nguvu, na Fundi akajua ni hasira. Akaiokota sakafuni ile pini iliyomponyoka, akiisubiri ile sentensi kama mtu anayesubiri kofi.

"Msaidizi wangu ni mfupi," mchungaji alisema hatimaye, bila kugeuka. "Jumapili ndiye atakayelivaa."

Fundi alitazama pindo alilolikunja, kisha maboksi, kisha misumari.

Mchungaji aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu asiyelala.

"Lile benchi lenu la nyuma," akauliza kwa sauti ya chini, "linatosha watu wawili?"