Lebo ya Tanga

Asubuhi ile Bi Zeina aliandika "Tanga" kwenye kipande cha gunia, kwa wino uleule anaowekea alama marobota ya mitumba dukani kwake Kariakoo, akakifunga kwenye sanduku la mke wa mwanawe. Wakitoka kwa daktari, mkwe na kichanga chake wangepanda basi warudi kwao. Katika ukoo wa Bi Zeina hajawahi kuzaliwa mtoto mlegevu namna ile.

"Shikamoo, bibi," daktari alisema.

"Marahaba. Tuambie."

"Mwili wa mtoto unatengeneza vizuri vimeng'enya, vile vinavyoendesha kazi za mwili. Kila kimoja kina alama ya chumba kinakotakiwa kufika ndani ya seli. Wa kuisoma ndiye hayupo, basi vinabaki njiani. Alama hizo viumbe wengi wanazo, hata minyoo wa udongoni."

"Robota lina alama, hamali hajui kusoma," Bi Zeina alisema polepole.

"Ndiyo hivyo, bibi. Na dawa yake hatuna."

Mkwe alimfuta mtoto udenda.

"Kasoro hiyo kaitoa kwa mama yake?" Bi Zeina aliuliza.

"Kwa wazazi wote wawili. Na baba yake kairithi kwako, au kwa mumeo."

Feni ilikuwa ikimpuliza Bi Zeina magotini. Bila kuinua uso, mkwe alivuta upande wa khanga yake akamfunika Bi Zeina magoti, kama alivyozoea kufanya nyumbani.

Bi Zeina aliinama kwenye sanduku walilokuja nalo. Fundo alilikaza mwenyewe na halikufunguka, kwa hiyo akaukata uzi wa lebo kwa meno.