Koti Kituoni

Kwa siku ya nne mfululizo, maman Lucienne alifika kituo cha tramu na koti la mwanamume mkononi.

Larissa, binti yake, alikuwa pale na fomu zake. Manispaa ilitaka kupanga njia za kufika kituoni, na kazi yake wiki hiyo ilikuwa kuwauliza watu: umetoka wapi, umekujaje, safari ni ya nini. Mama naye alidai aulizwe kama wengine.

"Andika. Nimetoka ku nyumba, Ganshoren, na miguu. Niko nangojea bwana yangu, atatoka ku hôpital na tram ya seize heures."

Larissa akaandika: kumpokea mume, saa kumi.

Papa Antoine, baba yake, alifariki Jumatatu alfajiri. Hospitali ilimpigia Larissa simu, naye akampigia tonton Ghislain, mdogo wa marehemu, kule Lubumbashi.

"Funga mdomo," tonton alisema. "Kifo cha yaya, mukubwa yangu, hakisemwe ku mulango. Nitakuja, nitawakalisha chini, nitasema miye mwenyewe."

Ndivyo wafanyavyo kwao. Tena mama ana presha. Neno likimfikia vibaya, Larissa atazika wawili. Basi akanyamaza. Hata Jumatatu ile mama aliporudi asubuhi na macho mekundu, akisema ametoka misa, Larissa alimpa chai, kisha akajifungia bafuni akalia huku bomba likimwaga maji. Wa kwao kwa kuficha hawajambo.

Lakini lile koti! Baba alikwenda kulazwa amelivaa. Jumanne Larissa alilikuta sebuleni, juu ya kiti cha baba, na harufu yake ya tumbaku. Utotoni alisikia kwamba maiti asiyeliliwa hurudi nyumbani mwenyewe. Hakuthubutu kuuliza, maana swali moja lingezaa la pili.

Kila siku tramu ilifungua milango, watu wakashuka na kutawanyika. Mama aliwatazama hadi wa mwisho. "Ni kesho, mutoto yangu," alisema, akimpapasa Larissa mgongo, kana kwamba Larissa ndiye aliyekosa mgeni.

Leo, Ijumaa, saa kumi kamili, alishuka tonton Ghislain katika suti nyeusi.

Larissa alikusanya fomu zake. Aliogopa, na bado alishukuru kwamba sasa yangekwisha. Tonton aliwakalisha wote wawili kwenye benchi la kituo, akamshika maman Lucienne mikono.

"Yaya Lucienne, jikaze."

Maman Lucienne aliichomoa mikono yake taratibu, akaliweka koti mabegani mwa binti yake.

"Tonton, ambia mutoto kwanza," alisema. "Miye nilimufunga papa yake macho ku hôpital, ile asubui. Ni yeye hajue bado."