Kamba wa Ostend

Mke wangu, Solange, aliharibu kamba wa tatu. Alianza kwa kung'oa kichwa, na nyama ikakatikia ndani ya ganda.

Mbele yangu, kwenye meza ya gatini Ostend, walikuwepo ishirini waliomenywa wazima. Nazungusha mkia nusu duara, navuta, ganda linatoka.

"Mumeo si mgeni, mama," muuzaji wa kamba alicheka. "Hivyo wanamenya wenyeji. Jirani yangu ana miaka kumi hapa, bado anawaponda kamba."

Nilikuwa nimemwambia Solange kwamba sijawahi kukanyaga mji huu.

Aliacha kutafuna. Akanisogezea bakuli lake.

"Menya, mpenzi. Huku ukimenya, niambie anaitwa nani huyo mwanamke aliyekufundisha."

Nilichukua kamba nikitaka kuanza na kichwa. Vidole vilikuwa vimeshazungusha mkia.