Mistari Mitano, Hospitali Moja

Fomu ilikuwa na mistari mitano, na kwenye yote mitano Luteni Marisela Quintanar alikuwa ameandika jina la hospitali ile ile.

Kanali Vandermolen aliisoma mara mbili, akavua miwani. "Luteni, kalamu yako imekwama?"

"Haijakwama, afande."

"Fomu inataka hospitali tano tofauti. Jeshi linaweza kukupeleka Texas, linaweza kukupeleka Hawaii. Ukiitaja moja tu ukaikosa, upasuaji husomei tena. Utafanya mwaka mmoja wa mazoezi, halafu utakwenda jangwani kutibu malengelenge ya miguu ya askari."

"Naelewa, afande."

"Na yule Hegstad wako wa majini?"

"Naye ameandika hiyo hiyo. Mara tano."

Kanali alicheka kicheko kikavu. Marisela alikuwa wa jeshi la nchi kavu, Tobias Hegstad wa jeshi la majini, na kila jeshi lilipanga madaktari wake litakavyo. Majeshi hayo yalikuwa kama wake wenza: nyumba moja, lakini hata chumvi hawaazimani. Hospitali ambayo yote mawili yangeweza kuwasomesha ubingwa hawa wawili, yeye upasuaji na Tobias magonjwa ya watoto, ilikuwa moja tu, hii ya karibu na Washington, ambako walikuwa wakimalizia mwaka wa nne wa udaktari.

"Na kisanduku hiki cha chini mmekiruka wote wawili."

"Hakitusaidii, afande. Ndiyo maana tumeambatanisha barua."

Kanali aliisoma barua taratibu, akikuna kidevu. Alipomaliza, sauti yake ilikuwa imeshuka. "Miaka ishirini na mbili nakaa kwenye bodi hii ya kuwapangia madaktari. Watu wa namna yenu sijapata kuwaona wakiomba hivi."

"Basi tutakuwa wa kwanza."

"Mkikataliwa?"

"Tutakata rufaa. Mkitukataa tena, nitamwandikia mbunge wangu, na barua hiyo itakuwa ndefu kuliko hii." Marisela alisimama wima, mikono nyuma. "Binti yangu ana miaka mitano, afande. Kuhesabu amejifunzia kwenye siku za zamu za baba yake. Sitamfundisha sasa kuhesabu saa za ndege."

Nje, theluji ilikuwa imeanza kudondoka. Tobias alikuwa akimsubiri, ameegemea gari lake.

"Amesemaje?"

"Kwamba kalamu yangu imekwama."

"Afadhali wako. Wangu ameapa kunipakia kwenye meli mpaka nisahau rangi ya nyasi."

"Baharia mzima unaogopa maji?"

"Maji siyaogopi. Naogopa mwanetu Pilar kunisahau."

Marisela aliacha utani. "Tobi, kama unataka kubadilisha, sema leo."

"Sibadilishi hata nukta."

Walikwisha kugombana juu ya karibu kila kitu duniani, hao wawili. Juu ya hili hawakugombana hata dakika moja.

Wiki tatu baadaye jeshi la majini lilimwita Tobias, likamwekea mezani nafasi ya San Diego, ambayo wenzake wangeigombania kwa meno. Aliisukuma karatasi ikarudi ilikotoka. Wiki hiyo hiyo ofisa mmoja alimwuliza Marisela kama hajui kwamba askari huenda anakotumwa.

"Najua," alisema. "Nitumeni hapa."

Walianza kuitwa vichwa vigumu. Kwenye kantini watu walipunguza sauti wakiwaona. Marisela alikula chakula chake chote na kurudi kuongeza.

Majibu yalitoka mchana mmoja wa Desemba. Yaliwakuta kwenye geti la shule ya chekechea, kila mmoja na simu mkononi, vidole vimekufa ganzi kwa baridi.

"Anza wewe," Tobias alisema.

"Pamoja."

Wakafungua. Marisela alisoma, akasoma tena. Upasuaji: hapa hapa. Aliinua macho akamkuta Tobias ameziba mdomo kwa kiganja.

"Watoto," Tobias alisema. "Hapa. Mari, hapa hapa!"

Alipiga ukelele hadi mama aliyekuwa akivusha watoto barabarani akageuka na kibao chake. Marisela, ambaye hakutoa chozi mbele ya kanali wala mbele ya yule ofisa, alilia pale getini bila kujificha. "Wametushindwa," alirudia. "Wametushindwa hawa, bila hata kile kisanduku cha wanandoa!"

Kengele ikalia. Pilar alitoka mbio, kofia upande, akamrukia baba yake shingoni. Marisela alimfunga skafu vizuri, akambusu paji la uso.

"Leo zamu yako," alimwambia Tobias. "Nisalimie mkeo. Mwambie afungue yale maboksi mliyokwisha kufunga, hamhami tena."