Upinde wa Bi Mize

Upinde wa pembe ukivuliwa kamba hujikunja kinyume. Bi Mize alidhani wake umeharibika, ndiyo maana akakubali kuuuza. Bwana Ghalibu, mkusanyaji wa vitu vya kale, alikwisha uandalia ukuta.

Tunu, mkaguzi wake, aliupakata mpaka ukapata joto, akaugonga, akasikiliza. Hapakuwa na ufa. Akautia kamba, akaachia mshale, na boga la uani likapasuka.

"Kumbe mzima!" Bi Mize akapiga vigelegele. "Nipe hapa, mwanangu! Siuzi tena!"

"We Tunu! Nilikutuma uukague tu! Niombe radhi!" Bwana Ghalibu akafoka.

"Nimeukagua. Na radhi siombi," alisema Tunu, akimtazama Bi Mize, aliyekwisha vuta kamba na sasa anatafuta boga jingine.